Kilkenny Majira ya Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi Dublin, na kwa miaka kadhaa sasa kila Januari hupanda treni kwenda Kilkenny, mji wa kale ulio kusini-mashariki mwa Ireland, kando ya mto Nore. Ndugu na jamaa wanaokuja kututembelea wakati wa baridi huniuliza maswali yaleyale, nami nimeona afadhali niyajibu yote mahali pamoja.

Kwa nini niende wakati wa baridi ilhali wengi huenda kiangazi?

Kwa sababu mwezi wa nane mji ni wa wageni, na mwezi wa kwanza unarudi kwa wenyewe. Nimeuona katika misimu yote miwili. Kiangazi, mfanyakazi wa kasri hushinda akielekeza foleni. Januari mfanyakazi huyohuyo alisimama nami karibu nusu saa mbele ya picha moja, akinieleza nani alimwoa nani na nani alimdhulumu nani shamba. Hakuna aliyekuwa akimngoja.

Jambo la pili ni mwanga, na hili halimo katika vipeperushi. Mwishoni mwa Desemba jua la Kilkenny halipandi. Hata adhuhuri linakuwa nyuzi 14 hivi tu juu ya upeo wa macho. Kwa hiyo mwanga huja kwa ubavu, ukipapasa kuta, na kila alama ya patasi iliyoachwa na fundi wa karne ya 13 hujitokeza na kivuli chake. Kiangazi jua likiwa juu zaidi jiwe huonekana bapa.

Lakini kama unachotaka ni bustani zenye maua na jioni isiyokwisha, njoo Juni.

Kilkenny ni mji au ni jiji?

Kwa ukubwa ni mji wa watu 27,000 hivi. Kwa hati ni jiji tangu mwaka 1609, Mfalme James I alipoupa hadhi hiyo. Wenyeji wanaishikilia, kwa hiyo ukizungumza nao uite jiji. Jina lenyewe linatokana na maneno ya Kiairish Cill Chainnigh, yaani kanisa la Mtakatifu Cainneach.

Baridi yake ni ya kiasi gani? Nitaona theluji?

Theluji usiitegemee. Ireland inapashwa joto na bahari ya Atlantiki, hivyo Desemba na Januari mchana huwa kama nyuzi 8 na usiku 2 au chini kidogo. Mara chache theluji hufunga nchi, kama ilivyotokea mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2018, lakini miaka mingi utaona umande ulioganda tu asubuhi kwenye majani.

Kinachowaumiza watu wetu ni unyevu. Aliyewahi kukaa Njombe au Limuru mwezi wa saba anaijua baridi ya ukungu inayoingia hadi kwenye mifupa. Hii ni ya ukoo huohuo, ila inadumu miezi minne na inakuja na upepo. Mvua yenyewe mara nyingi si ya kumwagika, ni manyunyu ya siku nzima. Wenyeji huiita siku ya namna hiyo siku laini, na wanaisema kwa upendo.

Jua linachomoza na kuzama saa ngapi?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na ndilo linaloharibu safari za wengi. Kwetu jua huchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima. Kilkenny mwishoni mwa Desemba jua huchomoza kama saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kuzama saa kumi na dakika kumi hivi alasiri. Mwisho wa Januari huzama saa kumi na moja, na mwisho wa Februari saa kumi na mbili. Mwezi mmoja huo wa Februari unakuongezea karibu saa mbili za mwanga.

Panga mambo ya nje yaishe kabla ya saa tisa na nusu alasiri. Ya ndani yaachie giza. Na ukisoma ratiba za treni kumbuka zimeandikwa kwa saa 24: 16:10 ni saa kumi na dakika kumi. Kwa wanaopiga simu nyumbani, majira ya baridi Kilkenny iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tatu kamili.

Kwa Waislamu, swala za mchana hukaribiana sana. Kati ya Adhuhuri na Magharibi hazifiki saa nne, kwa hiyo ukitoka kutembea uwe umeshajua utasalia wapi. Upande wa pili, mwenye deni la Ramadhani hatapata siku nyepesi kuliko hizi za kulipa, maana tangu alfajiri hadi magharibi hazifiki saa kumi.

Nivae nini?

Tabaka. Fulana nyembamba inayobana mwili, sweta la sufu, kisha koti lisilopitisha maji na lenye kofia. Mwavuli uache nyumbani, upepo utaugeuza ndani nje kwenye daraja la kwanza. Viatu ndivyo vya kutumia pesa: buti zenye soli ya mpira yenye meno, kwa sababu mawe ya njia za zamani yakilowa yanateleza kama sabuni. Skafu na glavu unaweza kununua hukohuko kwa bei nafuu. Usijaze begi makoti mazito ya manyoya, ndani ya nyumba na maduka kuna joto, na utashinda ukivua na kuvaa.

Desemba, Januari au Februari?

Desemba mji unapendeza kwa taa za Noeli, kuna vibanda vya soko na nyimbo, na barabara ya High Street inajaa. Ni msimu wa sikukuu, kwa hiyo utulivu hutaupata na bei hazishuki.

Jihadhari na siku mbili. Tarehe 25 Desemba nchi nzima husimama: hakuna treni, hakuna basi la kawaida, baa zimefungwa, mikahawa imefungwa, na hata maduka makubwa hayafunguliwi. Tarehe 26, Siku ya Mtakatifu Stefano, bado treni hazitembei. Kama utakuwa huko siku hizo, lala kwenye hoteli inayopika chakula cha Noeli na ulipie mapema, au uwe na mwenyeji.

Mimi huchagua wiki ya pili au ya tatu ya Januari. Sherehe za Noeli huishia tarehe 6 Januari, siku wanayoiita Noeli ya Wanawake, ambapo kwa desturi wanaume hushika jiko na wanawake hutoka na shoga zao. Baada ya hapo mji unatulia kweli.

Februari nayo ina haki yake. Kwa kalenda ya Kiairish tarehe 1 Februari, siku ya Mtakatifu Brigid, ndiyo siku ya kwanza ya majira ya kuchipua, ingawa mwili wako hautakubali. Tangu 2023 siku hii ina mapumziko ya kitaifa, kwa kawaida Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Wikendi hiyo vyumba hupanda bei.

Viza ya Schengen itanifaa?

Hapana. Ireland haimo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na wenye pasi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Ireland yenyewe. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye mfumo wa uhamiaji wa Ireland, kisha unapeleka nyaraka. Anza miezi mitatu kabla. Wanaoomba wakidhani msimu wa baridi hakuna foleni hukutana na likizo ya Noeli ikiwa imefunga ofisi.

Mambo mawili ya kuangalia. Ukipitia uwanja wa ndege wa Uingereza unaweza kuhitaji viza ya kupita tu, hata kama hutoki nje. Na Belfast iko Ireland ya Kaskazini, ambayo ni Uingereza: hakuna kizuizi barabarani, lakini viza yako ya Ireland haikuruhusu kuingia kule.

Nafikaje kutoka Dublin?

Treni huondoka kituo cha Heuston, njia ya Waterford, na inachukua saa moja na nusu au zaidi kidogo. Nunua tiketi mtandaoni, ni nafuu kuliko dirishani. Yapo pia mabasi ya moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Ukikodi gari utajisikia nyumbani kwa jambo moja: Ireland huendesha kushoto kama sisi. Lakini barabara za vijijini ni nyembamba, zina kuta za mawe pande zote, na asubuhi huwa na barafu isiyoonekana kwa macho. Kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, panda treni.

Kituo cha Kilkenny kinaitwa MacDonagh, kwa kumbukumbu ya Thomas MacDonagh, mmoja wa viongozi waliouawa kwa kupigwa risasi baada ya maasi ya Pasaka ya 1916 dhidi ya utawala wa Waingereza. Alikuwa mwalimu hapa mjini.

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Wengi huanzia kasri kwa sababu ndilo linaloonekana kwanza. Mimi nasema anza upande wa pili, kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Canice (ndiye yule Cainneach), halafu ushuke mji mzima hadi kasri. Ni mwendo wa dakika kumi na tano kama huna la kutazama, na ni siku nzima kama unatazama.

Kanisa lenyewe ni la karne ya 13 na leo ni la Waanglikana. Pembeni yake umesimama mnara wa duara wenye urefu wa mita 30, mkongwe kuliko kanisa hilo kwa karne kadhaa. Watawa waliujenga kabla Wanormani, wavamizi wa karne ya 12, hawajafika Ireland. Ni miongoni mwa minara michache sana ya aina hiyo unayoweza kupanda hadi juu, kwa ngazi za mbao zilizosimama wima karibu kama za kupandia mnazi. Upepo ukizidi wanaufunga, hivyo uliza kwanza. Ndani ya kanisa tafuta kaburi la Piers Butler, wa ukoo uliomiliki kasri, na mkewe Margaret Fitzgerald, wamechongwa kwa jiwe jeusi wamelala ubavu kwa ubavu, Piers akiwa na deraya yake ya vita. Asubuhi ya Januari nilikuwa peke yangu pale. Niligusa ukingo wa jiwe, ni baridi kuliko hewa. Mwaka 1650 jeshi la Cromwell, jemadari wa Kiingereza, liliuteka mji, na inasimuliwa kwamba askari waliingiza farasi wao ndani ya kanisa hili.

Shuka kwa ngazi za mawe za 1614, upite Black Abbey. Hili ni kanisa la Wadominika lililoanzishwa 1225, na jina linatokana na joho jeusi la watawa. Usilipite. Lina dirisha moja kubwa la vioo vya rangi linaloonyesha mafumbo ya Rozari, la mwaka 1892, na siku ya mawingu dirisha hilo hupendeza kuliko siku ya jua kali, kwa sababu rangi zinatulia, hazikuchomi macho.

Mtaa wa Parliament una Rothe House, nyumba ya mfanyabiashara John Rothe iliyojengwa kati ya 1594 na 1610. Ni nyumba tatu zilizofuatana nyuma kwa nyuma, zikitenganishwa na nyua. Kila familia ilipokua aliongeza nyumba nyuma, jambo ambalo mtu wa kwetu analielewa bila kufafanuliwa. Endelea High Street hadi Tholsel, jengo la 1761 lenye saa na matao juu ya njia ya waenda kwa miguu. Karibu yake kuna kichochoro kiitwacho Butter Slip, cha 1616, kilichokuwa na vibanda vya siagi. Kivuke. Ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili.

Fika kasri kama saa saba mchana. Boma la kwanza lilikuwa la mbao, la Strongbow, Mnormani aliyefika na jeshi lake karne ya 12. William Marshal, mkwe wake, ndiye aliyejenga la mawe. Ukoo wa Butler ulilinunua mwaka 1391 ukakaa humo hadi 1935, samani zikapigwa mnada. Mwaka 1967 mkuu wa ukoo huo aliwakabidhi watu wa Kilkenny kasri zima kwa pauni 50. Ndani, tenga muda wako kwa ukumbi mrefu wa picha. Dari lake la mbao limepakwa rangi kote, na kwenye ncha za boriti kuna vichwa vya ndege na wanyama. Lala chini kama walinzi watakuruhusu, shingo itakushukuru.

Ukitoka, bustani ya kasri ya ekari 50 hailipishi. Itembee jua linapoelekea kuzama.

Nimesikia mwanamke alichomwa moto Kilkenny kwa uchawi. Ni kweli?

Ni kweli, na naomba usiichukulie kama hadithi ya kutishia watoto.

Alice Kyteler alikuwa mkopeshaji fedha tajiri aliyeolewa mara nne. Mwaka 1324 watoto wa kambo walimshtaki kwamba aliwaua baba zao kwa sumu na uchawi. Nyuma ya mashtaka kulikuwa na urithi: mali nyingi ilikuwa imekwenda kwa mwanawe wa kumzaa, William Outlaw. Askofu Richard de Ledrede aliishika kesi kwa nguvu zote, akaunganisha uchawi na uzushi wa kidini, jambo lililokuwa jipya Ulaya wakati huo.

Alice alikuwa na fedha na marafiki, akatoroka. Aliyebaki ni mtumishi wake, Petronilla wa Meath. Alichapwa viboko hadi akakiri, na tarehe 3 Novemba 1324 akachomwa akiwa hai. William aliadhibiwa kuezeka upya sehemu ya kanisa kuu kwa madini ya risasi. Mwaka 1332 mnara wa kati uliporomoka, na wenyeji hadi leo husema ni uzito wa risasi ile.

Mtalii wa kawaida ataoneshwa baa yenye jina la Kyteler, katika mtaa wa St Kieran, atapiga picha. Kwa msomaji aliyekulia Shinyanga au Kisii, anayejua jinsi bibi kizee mwenye macho mekundu na shamba zuri anavyoweza kuitwa mchawi, habari hii haina umbali wa miaka 700. Tajiri alipata njia. Mtumishi hakupata. Mimi nikifika pale husema jina la Petronilla kwa sauti.

Kuna mahali pengine pa kumbukumbu ambapo wageni hawaelekezwi?

Karibu kabisa na stesheni kuna jengo la maduka. Mwaka 2005 na 2006, wakati wa kulijenga, yalipatikana makaburi ya halaiki ya watu karibu 1,000 waliokufa ndani ya nyumba ya maskini ya Kilkenny wakati wa Njaa Kuu, iliyoanza 1845 baada ya ugonjwa kuangamiza viazi. Zaidi ya nusu walikuwa watoto. Kuta za nyumba hiyo bado zipo, zimeunganishwa na maduka, na mabaki yamezikwa tena katika bustani ndogo ya kumbukumbu. Watu hupita na mifuko ya ununuzi. Ukiwa unangoja treni, nenda ukakae hapo dakika kumi.

Nini hufungwa wakati wa baridi?

Kasri na makanisa hufunguliwa, ila kwa saa pungufu, na mtu wa mwisho huingizwa mapema kabla ya kufunga. Makumbusho madogo hupunguza siku, hasa Jumatatu na Jumanne. Baadhi ya wenye nyumba za wageni hufunga Januari nzima ili nao wapumzike.

Hili lilinikuta. Nilikuwa nimethibitishiwa chumba katika nyumba moja ya wageni, nikafika saa kumi na mbili jioni, giza totoro, mvua inanyesha, nikakuta mlango umefungwa na karatasi dirishani: tutaonana Februari. Simu haikupokewa. Nilizunguka na begi saa nzima mpaka nikapata chumba hotelini kwa bei mara mbili. Tangu siku hiyo napiga simu siku mbili kabla, nazungumza na mtu, sitegemei barua pepe ya kompyuta. Fanya hivyo.

Siku zipi za wiki ni nafuu?

Jumanne hadi Alhamisi. Kilkenny inapendwa na vikundi vya vijana wanaosherehekea kabla ya harusi, na wanakuja kila wikendi, hata baridi ikiwa kali. Ijumaa na Jumamosi vyumba hupanda, na mitaa ya katikati ina kelele hadi usiku wa manane. Ukikosa budi kuwa huko wikendi, omba chumba cha nyuma, mbali na mtaa wa John.

Nitakula nini? Na kama situmii pombe?

Chakula cha baridi cha Ireland ni cha kushibisha: supu nzito ya mboga na mkate wa kahawia uliopikwa kwa magadi badala ya hamira, mchuzi wa kondoo na viazi, samaki, na viazi vilivyopondwa na kabichi. Mkate ule wa moto wenye siagi ni sababu tosha ya safari. Kwa mwenye kula halali, samaki na vyakula vya mboga vipo kila mahali, na uliza kama supu imewekwa nyama ya nguruwe, maana huwekwa mara nyingi bila kutajwa.

Baa za Ireland si mahali pa kulewa tu, ni sebule ya mtaa. Unaagiza chai, unakaa karibu na moto, hakuna atakayekutazama vibaya. Jioni za muziki wa asili wapigaji hukaa mezani kwa duara, fidla, filimbi na kinanda cha mkono, wakipigiana wao kwa wao. Usikae viti vyao, na usizungumze wakati mtu anaimba peke yake. Watoto wanatakiwa kutoka saa tatu usiku kwa sheria.

Watu watanipokeaje?

Kwa maneno mengi. Msafara wa salamu huanza na hali ya hewa, na ni adabu kukubaliana nao kwamba ni baridi kweli. Ukisema unatoka Kenya au Tanzania, usishangae mzee akikuambia shangazi yake alikuwa sista huko. Masista wa Loreto walifika Kenya 1921, wenzao wa Medical Missionaries of Mary walihudumu hospitali ya Makiungu, Singida, na kule Iten Bruda Colm O'Connell, Muairish, alianza kufundisha 1976 akawanoa wakimbiaji wakubwa, David Rudisha akiwemo. Mimi nimeshaimbiwa "Malaika" na mama wa duka la vitambaa, beti mbili kamili. Alikuwa ameufundishwa na dada yake.

Nikiona watu wenye fimbo mitaani?

Hao wanaelekea mazoezini. Hurling ni mchezo wa fimbo za mbao na mpira mdogo mgumu, na Kilkenny imechukua ubingwa wa Ireland mara 36. Rangi ni nyeusi na njano iliyokoza. Ligi huanza mwisho wa Januari kwenye uwanja wa Nowlan Park, na tiketi za mechi za baridi hupatikana kwa urahisi. Beba kitu cha kukalia.

Kuna cha kuona nje ya mji?

Kells Priory, kilomita 15 hivi kusini. Ni monasteri iliyoanzishwa 1193, imebaki magofu yenye minara na ukuta mrefu katikati ya malisho, kama kijiji chenye ngome. Hakuna lango wala tiketi. Unaingia pamoja na kondoo. Pango la Dunmore na abasia ya Jerpoint ni pazuri pia, lakini siku za kufunguliwa hupungua baridi, hivyo hakikisha kwanza.

Plagi, maji, pesa?

Plagi ni zile za miguu mitatu mipana tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda, huhitaji kibadilishi. Maji ya bomba yanakunywa. Pesa ni euro, na kadi inapokelewa karibu kila mahali. Dharura piga 112.

Na mvua ikinyesha siku nzima?

Basi umepata siku nzuri ya kuona kile kilichoupa mji jina la Jiji la Marumaru. Jiwe la Kilkenny ni la chokaa, likiwa kavu ni kijivu tu, huligeukii mara mbili. Likilowa huwa jeusi kama wino, na ndani yake hutokea alama nyeupe, duara na hilali ndogo, upana wa ukucha. Ni magamba ya viumbe wa baharini waliokufa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, Ireland ilipokuwa chini ya bahari ya joto. Tazama ngazi za milango, kingo za madirisha, vizingiti vya High Street. Chuchumaa, pangusa maji kwa kiganja, na uangalie haraka kabla halijakauka.